Akiba ya Arbuni na Ada za Nyumba ya Kwanza Malindi: Mwongozo Kamili kwa Mnunuzi Anayeanza

Mtu anayeanza kuweka akiba ya kununua nyumba Malindi kwa kawaida huwa na hesabu moja tu: bei ya nyumba, na asilimia 10 ya bei hiyo kama arbuni. Hesabu hiyo haitoshi, na ubaya wake ni kwamba upungufu haujitokezi mapema, bali hujitokeza baada ya mkataba kutiwa saini, arbuni ikiwa imeshatoka mkononi na siku za kukamilisha ununuzi zikiwa zinahesabika. Ushuru wa stempu, malipo ya wakili, makato ya benki, sorovea (mpima ardhi) na mthamini, vikijumlishwa, huweza kulingana na arbuni yenyewe. Kwa hiyo mwongozo huu haukomei kwenye namna ya kubana matumizi. Unafuata mpangilio wa kazi nzima: kujua unachokinunua, kuhesabu fedha zote zitakazohitajika, kuziweka kwa kufuata msimu wa mapato ya mji huu, kuzihifadhi mahali panapofaa, kisha kuzitoa kwa utaratibu usiokupotezea haki yako.

Hatua ya kwanza: jua unanunua nini kabla ya kuanza kuweka akiba

Inaweza kuonekana ajabu kuanza na karatasi za ardhi kabla ya fedha, lakini Pwani hapa aina ya umiliki ndiyo inayoamua kiasi cha akiba utakachohitaji, na ndiyo inayoamua kama benki itakukopesha au haitakukopesha. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi katika ukanda wa pwani wapeleke madai yao ili yasajiliwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Familia nyingi zilizokuwa zikilima na kuishi hapa vizazi na vizazi hazikuwa na karatasi yoyote, na athari yake tunaishi nayo hadi leo: nyumba mbili zinaweza kutazamana katika mtaa mmoja, zikalingana kwa ukubwa na kwa uzuri, na moja ikawa na hatimiliki kamili ilhali nyingine haina ardhi hata shibiri moja.

Hiyo ya pili ndiyo inayoitwa nyumba bila ardhi. Mwenye nyumba anamiliki kuta na paa, na kila mwezi au kila mwaka humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Bei yake ni ya chini sana ikilinganishwa na nyumba yenye hati, na ndiyo sababu humvutia mnunuzi wa mara ya kwanza. Simkatazi mtu kuinunua, kwa kuwa familia nyingi zimelea watoto katika nyumba za namna hii kwa amani, lakini lazima aelewe mambo matatu. Benki haitaikubali kuwa dhamana, kwa hiyo bei yote itabidi itoke katika akiba yako mwenyewe. Huwezi kujenga upya au kuongeza ghorofa bila idhini ya mwenye ardhi. Na ardhi ikiuzwa, mnunuzi mpya wa ardhi anaweza kuwa na mipango isiyokujumuisha. Ukiamua kuinunua, dai kuona kitabu cha kodi ya kiwanja, kile kijidaftari chenye tarehe, kiasi na saini ya mpokeaji. Kikague ukurasa kwa ukurasa, na utazame ni nani aliyekuwa akipokea. Ikiwa saini ilibadilika ghafla miaka miwili iliyopita, uliza kama mwenye ardhi alifariki, na kama alifariki, warithi wake ni akina nani.

Suala la warithi lina uzito hata kwa ardhi yenye hati. Viwanja vingi Malindi na Lamu vingali katika jina la babu aliyefariki zamani, na anayekuuzia ni mtoto mmoja au mjukuu mmoja kati ya wengi. Sheria ya Mirathi ya Kenya hairuhusu msimamizi wa mirathi kuuza ardhi kabla hati ya usimamizi haijathibitishwa na mahakama, na kwa familia za Kiislamu shauri hilo mara nyingi hupitia Mahakama ya Kadhi. Usitoe hata shilingi elfu moja kwa ahadi kwamba mirathi inashughulikiwa. Vilevile ardhi ya wakfu, yaani iliyotolewa daima kwa ajili ya dini au hisani, haiuziki, hata kama msimamizi wake anakuonyesha karatasi nzuri kiasi gani. Barua ya ugavi wa kiwanja nayo si hatimiliki. Ni hatua mojawapo ya kuelekea huko, na wako waliobaki na barua hizo kwa miaka mingi.

Ukipendelea fleti, hakikisha jengo limesajiliwa chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, ambayo humpa kila mwenye fleti hati yake mwenyewe. Pia uliza mapema ni kiasi gani hulipwa kila mwezi kwa ajili ya ulinzi, maji na matengenezo ya pamoja, kwa sababu majengo mengi yaliyojengwa kwa ajili ya wageni wa Kizungu yana bwawa la kuogelea na bustani ambazo gharama yake itakuwa juu yako hata usipoogelea.

Hatua ya pili: piga hesabu ya fedha zote, si arbuni peke yake

Tuchukue mfano wa nyumba yenye hati ndani ya manispaa ya Malindi inayouzwa kwa shilingi 4,000,000, na benki iliyokubali kukopesha asilimia 80 ya bei, yaani shilingi 3,200,000. Asilimia 20 inayobaki, shilingi 800,000, ni juu yako. Nusu yake, shilingi 400,000, ndiyo arbuni ya asilimia 10 ambayo hulipwa mkataba unapotiwa saini, na nusu ya pili hulipwa wakati wa kukamilisha.

Sasa tuingie kwenye ada. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi iliyo ndani ya manispaa au mji, na asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani. Kwa nyumba yetu ya mfano ni shilingi 160,000. Angalizo moja hapa: ushuru huu haukokotolewi kwa bei mliyokubaliana tu. Mthamini wa serikali huikadiria mali, na akiona thamani yake ni kubwa kuliko bei yenu, ushuru hutozwa kwa thamani hiyo kubwa. Kwa hiyo weka nafasi kidogo juu ya hesabu yako, hasa ukinunua kwa bei nafuu kutoka kwa jamaa. Wako wauzaji wanaopendekeza mkataba uandikwe bei ya chini ili ushuru upungue. Usikubali kamwe, kwa sababu mbali na kuwa ni kosa kisheria, mgogoro ukitokea bei iliyoandikwa ndiyo itakayokurudishia fedha zako.

Malipo ya wakili wako, kwa nyumba ya bei hii, yakadirie kuwa asilimia 2, yaani shilingi 80,000, na juu yake kuna kodi ya VAT ya asilimia 16, ambayo ni shilingi 12,800. Benki nayo ina wakili wake wa kuandika hati ya rehani, na mkopaji ndiye anayemlipa. Tenga shilingi 50,000. Hati hiyo ya rehani ina ushuru wake wa stempu wa asilimia 0.1 ya mkopo, ambao ni shilingi 3,200. Ikiwa benki inatoza asilimia 1 kwa kuandaa mkopo, hiyo ni shilingi 32,000. Mthamini binafsi anayetambuliwa na benki mkadirie shilingi 20,000, sorovea shilingi 20,000, bima ya mwaka wa kwanza shilingi 20,000, na shilingi 10,000 kwa ajili ya sachi (upekuzi wa sajili ya ardhi), usajili na karatasi nyinginezo. Viwango vya ushuru na VAT nilivyovitaja ni vya kisheria. Vingine ni makadirio ambayo utayasahihisha ukishapata barua ya benki na nukuu ya wakili.

Jumla ya ada hizi ni shilingi 408,000. Zimepita arbuni. Mnunuzi aliyeweka shilingi 800,000 akiamini kwamba amemaliza, amefika theluthi mbili tu ya safari, kwa kuwa kinachohitajika mpaka hapa ni shilingi 1,208,000.

Kisha kuna fedha za kuingilia nyumbani, ambazo nazo hazina huruma. Nyumba zetu za karibu na bahari huliwa na chumvi: mabati hushika kutu, nondo za dirisha huvimba, plasta ya chini humomonyoka, na mchwa hawasahau fremu za milango. Paa la makuti hutaka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Mita ya umeme na akaunti ya maji huenda zikawa na madeni ya nyuma. Kisima cha uani, ikiwa kipo, mara nyingi kina maji ya chumvi yanayofaa kufulia na kusafishia tu, kwa hiyo utahitaji tangi la kuhifadhia maji ya bomba ya siku ambazo hayatoki. Shilingi 100,000 kwa mambo haya si nyingi.

Ikiwa unanunua nyumba ya mpango wa serikali wa nyumba nafuu kupitia Boma Yangu, jukwaa lake la mtandaoni, na hujawahi kumiliki nyumba, sheria inakusamehe ushuru wa stempu. Kwa mfano wetu huo ni msamaha wa shilingi 160,000, na unatosha kubadilisha mpango wote wa akiba.

Hatua ya tatu: weka akiba kwa kufuata msimu

Miongozo mingi ya akiba huandikwa kwa mtu mwenye mshahara unaofanana kila mwezi. Mwalimu au muuguzi aliyeajiriwa anaweza kuufuata mpango wa namna hiyo. Lakini Malindi ni mji wa msimu. Hoteli hujaa kuanzia Disemba hadi Machi, na tena Julai na Agosti. Aprili hadi Juni, mvua za masika na bahari ya kusi (ya upepo mkali wa kusini) zinapoingia, hoteli nyingine hufunga kabisa na wafanyakazi wa mkataba hurudi nyumbani. Mvuvi wa vyombo vidogo, dereva wa tuktuk, mchonga vinyago, mama anayeuza viazi karai na mwendesha mashua za kwenda kwenye matumbawe, wote hupanda na kushuka pamoja na hoteli. Mtu wa aina hii akijiwekea lengo la kiasi kilekile kila mwezi, atalivunja mwezi wa Mei, atavunjika moyo, na mwezi wa Julai fedha zikirudi hatalikumbuka tena.

Weka malengo matatu badala ya moja. Chukulia mke na mume ambao mmoja anafanya kazi hotelini na mwingine ana cherehani ya kushonea sare na nguo za harusi. Katika miezi sita ya neema wanaweza kuweka shilingi 45,000 kwa mwezi, jumla 270,000. Septemba hadi Novemba wanaweka 15,000 kwa mwezi, jumla 45,000. Aprili hadi Juni wanaweka 5,000 tu kwa mwezi, jumla 15,000, na wala hawajilaumu. Kwa mwaka wanapata shilingi 330,000. Kumbuka kwamba Ramadhani na Idi huwahi kila mwaka kwa takriban siku 11, kwa hiyo kila mwaka upya tazama zimeangukia msimu gani, kwa sababu Idi iliyoangukia Mei ina gharama ileile lakini haina mapato yaleyale.

Kuna jambo lingine kubwa zaidi katika hesabu ya wanandoa hawa, na ningependa msomaji alitafakari kwa utulivu. Mkopo wa shilingi 3,200,000 kwa riba ya asilimia 13 kwa mwaka, ukilipwa kwa miaka 15, hudai karibu shilingi 40,500 kila mwezi. Wanandoa hawa sasa wanalipa kodi ya nyumba shilingi 15,000. Tukijumlisha kodi hiyo na akiba yao, uwezo wao kwa mwaka ni shilingi 510,000, na malipo ya mkopo kwa mwaka ni 486,000. Kwa mwaka, wanaweza. Kwa mwezi, hawawezi: Aprili wana shilingi 20,000 na benki inataka 40,500, Septemba wana 30,000 na benki inataka 40,500 ileile. Upungufu wa miezi hiyo sita hufika shilingi 93,000 kwa mwaka. Fedha za kuuziba zipo, kwa kuwa miezi ya neema inazidisha 117,000, lakini lazima ziwe zimeshatengwa kabla kusi haijaanza. Kwa hiyo wao, na kila mwenye mapato ya msimu, wasisaini mkataba wowote mpaka wawe na shilingi 100,000 nyingine, mbali na arbuni na ada, ambazo kazi yake ni kulipa benki miezi ya ukame. Na ununuzi usikamilike mwezi wa Machi msimu ukiwa unaisha, kwa kuwa malipo ya benki huanza baada ya hapo. Wapange ukamilike mwishoni mwa Novemba, ili malipo ya mwanzo yakutane na mapato.

Sasa lengo lao limekamilika: 800,000, na 408,000, na 100,000 za kuingilia nyumbani, na 100,000 za msimu mbaya. Jumla ni shilingi 1,408,000, na kwa shilingi 330,000 kwa mwaka ni safari ya miaka minne na miezi kadhaa. Ni bora kuijua miaka hiyo mapema kuliko kuahidiwa miwili.

Hatua ya nne: tenganisha mifuko, na kila mfuko uuchagulie mahali

Simu si mahali pa kuweka akiba ya nyumba. Fedha zilizo kwenye M-Pesa zinaonekana kila unapofungua simu, na kila jamaa mwenye shida ni kama anaziona pia. Tumia simu kuzipeleka tu.

Chama cha akiba na mikopo, yaani sacco, ndicho mlango wa watu wengi wa kada yetu, na ni mlango mzuri ikiwa sacco ina leseni ya SASRA, mamlaka ya serikali inayosimamia sacco. Saccos nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako. Lakini hapa ndipo wengi huteleza: akiba inayokupa haki ya kukopa hubaki humo kama dhamana kwa muda wote wa mkopo. Mwenye shilingi 1,000,000 anaweza kukopa 3,000,000, lakini hawezi kuitoa ile milioni yake akalipie arbuni na ushuru wa stempu. Kwa hiyo anayetegemea sacco anahitaji mfuko wa pili nje ya sacco kwa ajili ya arbuni na ada, na anapaswa kuanza kuujaza siku ileile anapoanza kuujaza wa kwanza. Uliza pia kuhusu wadhamini. Mkopo mkubwa hutaka watu kadhaa wa kukudhamini, na wewe nawe utaombwa kuwadhamini. Kila ukimdhamini mwenzako, sehemu ya akiba yako imefungwa.

Mfuko huo wa pili unaweza kukaa katika akaunti ya benki ya muda maalumu au katika mfuko wa pamoja wa soko la fedha (money market fund) unaosimamiwa na kampuni yenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Mifuko hii hutoa faida ya kila siku na hukuruhusu kutoa fedha kwa muda wa siku chache, na faida yake hukatwa kodi ya asilimia 15. Kwa benki, kumbuka kwamba bima ya amana nchini Kenya hulinda hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki. Akiba ikipita kiasi hicho, igawe katika benki mbili.

Mchezo wa kina mama mtaani, ule wa kuchanga na kupokezana fedha kwa zamu, una faida ya kumlazimisha mtu aweke, na ninauheshimu kwa hilo. Hata hivyo mchezo unafaa kwa tangi la maji au mita ya umeme, haufai kwa arbuni, kwa sababu mtu mmoja akihama mji katikati ya mzunguko hakuna sheria rahisi ya kumkamata. Dhahabu nayo ni akiba ya kale na ya heshima katika nyumba zetu, lakini sonara anaponunua bangili hulipa uzito na si ufundi, kwa hiyo unayeiuza hupoteza kile ulicholipia kazi ya mkono.

Kwa Muislamu anayejiepusha na riba, zipo benki za Kiislamu nchini tangu mwaka 2008, na baadhi ya benki za kawaida zina dirisha la Kiislamu, yaani kitengo kinachofuata sharia. Muundo unaotumika sana kwa nyumba ni musharaka wa kupungua: benki na mnunuzi hununua nyumba kwa ubia, mnunuzi akalipa kodi kwa sehemu ya benki huku akiinunua kidogo kidogo mpaka yote iwe yake. Uliza waziwazi nani hulipa bima, nani hugharamia matengenezo makubwa, na ushuru wa stempu unalipwa na nani na mara ngapi. Na usisahau zaka. Akiba iliyofika nisabu na ikatimiza mwaka wa Hijria huwajibika asilimia 2.5 kwa kauli ya wanazuoni wengi, hata kama nia yake ni nyumba. Kwa akiba ya shilingi 1,000,000 hiyo ni 25,000, basi iingize katika mpango na umshauri sheikh wako juu ya namna ya kuihesabu.

Aliyeajiriwa rasmi na ana mfuko wa pensheni asiusahau. Kanuni za mwaka 2020 humruhusu mwanachama kutumia hadi asilimia 40 ya mafao yake, yasiyozidi shilingi milioni 7, kununulia nyumba ya kuishi. Ni fedha za uzeeni, kwa hiyo zitumike kufunga pengo la mwisho na si kuanzia safari.

Hatua ya tano: karatasi kwanza, fedha baadaye

Ukikaribia lengo, ndipo utafute nyumba. Dalali hukaa mezani na watu wengi, na wengine husukuma: "Bwana, kuna mteja mwengine aja kesho, weka hata hamsini kwanza." Jibu la adabu ni kumwomba nakala ya hati na kitambulisho cha mwenye mali, na kumwambia kwamba fedha zitapitia kwa wakili. Dalali mwaminifu hatachukia.

Fanya sachi rasmi mwenyewe kupitia wakili wako. Tazama mahali hati iliposajiliwa: hati nyingi za zamani za viwanja vya Malindi zina namba ya CR (ya sajili ya Pwani) na ziko katika sajili ya Mombasa, nyingine ziko Kilifi. Sachi itaonyesha jina la mmiliki, ukubwa, aina ya umiliki, na kama kuna rehani au zuio. Ikiwa ni ardhi ya kukodi kutoka serikalini, hesabu miaka iliyobaki. Benki hazipendi hati iliyokaribia kuisha.

Baada ya sachi, mpeleke sorovea kiwanjani, na uende naye. Atakuja na ramani ya sajili na kifaa chake, apime, kisha aanze kukwangua mchanga na majani makavu kwenye pembe ya ua mpaka kibonge cha saruji chenye chuma katikati kitokeze. Hiyo ndiyo bikoni. Zikionekana zote nne na vipimo vikalingana na ramani, umenunua usingizi wa miaka mingi. Ikikosekana moja, au ukuta wa jirani ukiwa umeingia ndani, mambo hayo yasuluhishwe kwa gharama ya muuzaji kabla ya mkataba.

Kama muuzaji ameoa au ameolewa, mwenzi wake lazima aridhie kwa maandishi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahitaji hivyo kwa mali ya ndoa. Kama ni shamba, tuseme huko Gede au Mambrui, mnahitaji kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, kinachoombwa ndani ya miezi sita tangu mkataba, na bila hicho mauzo ni batili. Kodi ya faida ya mauzo, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15, ni ya muuzaji. Usiruhusu iandikwe upande wako.

Hatua ya sita: kutoa arbuni

Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi na wenye saini zilizoshuhudiwa. Katika masharti ya mauzo ya Chama cha Mawakili wa Kenya, arbuni ni asilimia 10 na muda wa kukamilisha ni siku 90. Arbuni iende katika akaunti ya wateja ya wakili wa muuzaji, na mkataba utamke kwamba ataishikilia kama mwekewa amana wa pande zote mbili mpaka ununuzi ukamilike. Neno hilo likikosekana, wakili anaweza kumpa muuzaji fedha siku ileile, nawe ukabaki kumfuata mtu aliyekwisha kuzitumia. Lipa kwa benki. M-Pesa ina kikomo cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, na kugawa arbuni vipande vipande kwenye simu ya mtu binafsi ni kujitengenezea kesi.

Omba pia vifungu viwili. Cha kwanza, kwamba benki ikikataa mkopo bila kosa lako, arbuni irudi yote. Cha pili, kwamba karatasi za muuzaji, yaani hati halisi, risiti za kodi ya ardhi na cheti cha kutodaiwa na kaunti, zikichelewa, siku zako za kulipa zisogezwe. Bila vifungu hivi, mnunuzi anayeshindwa kukamilisha kwa kawaida hupoteza ile asilimia 10, na kwa wanandoa wetu hiyo ni zaidi ya mwaka mzima wa akiba. Ndiyo maana barua ya benki ya kukubali mkopo itangulie saini.

Hatua ya saba: kukamilisha

Siku 90 ni chache kuliko zinavyosikika. Utahitaji kitambulisho, cheti cha PIN ya KRA, picha, na fedha za ushuru wa stempu zikiwa tayari, kwa kuwa uhamisho hausajiliwi kabla ushuru haujalipwa. Hapa ndipo mfuko wa ada unapofanya kazi yake, na aliyeutumia kuongezea arbuni ndiye anayeanza kukopa kwenye simu kwa bei ya kuumiza.

Usajili ukikamilika, fanya sachi nyingine na usome jina lako kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, dhidi ya kitambulisho. Badilisha jina katika akaunti ya kodi ya ardhi ya kaunti, ya umeme na ya maji, ukiwa na usomaji wa mita wa siku ya makabidhiano uliosainiwa na muuzaji. Kama umechukua mkopo wa benki, peleka cheti cha riba uliyolipa kwa mwajiri au kwenye marejesho yako ya kodi: tangu mwisho wa Disemba 2024 riba ya mkopo wa nyumba unayoishi mwenyewe, hadi shilingi 360,000 kwa mwaka, hutolewa katika mapato kabla ya kodi kukokotolewa, na nafuu hiyo ielekeze moja kwa moja kwenye mfuko wa miezi ya kusi.